Sweta la mama kabla ya kipupwe cha Mgori

Mwezi wa tano ukielekea kuisha, Mgori hubadilika rangi. Mashamba ya alizeti yaliyokuwa ya njano sasa ni vijiti vya kijivu, vichwa vimekatwa na kupelekwa uani kupigwa kwa fimbo. Mvua zimeshaaga. Kinachobaki ni upepo, na wanaoujua upepo wa Singida hawauchezei. Unaanza jioni kidogo kidogo, unakomaa usiku, na alfajiri unawakuta watoto wa shule njiani wameficha mikono ndani ya sweta, daftari kwapani.

Mgori iko mashariki mwa mji wa Singida, kuelekea Dodoma na Manyara. Eneo hili linajulikana zaidi kwa msitu wake, ambao vijiji vitano vilianza kuulinda vyenyewe katika miaka ya 1990, na kwa asali. Baridi yake haizungumzwi sana. Mji wa Singida uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgeni anayeshuka kwenye basi usiku wa Julai akiwa na shati la mikono mifupi hujifunza jambo hilo kabla hajafika nyumba ya wageni.

Wazee wa Kinyaturu walikuwa na jibu lao la baridi: tembe. Nyumba ile ya paa bapa lililojazwa udongo juu ya magogo hushika joto la mchana na kulirudisha polepole usiku. Leo familia nyingi zimejenga kwa tofali na bati. Hakuna wa kuwalaumu, maana bati halivuji na halihitaji kukandikwa kila mwaka. Lakini bati hupoa haraka jua likizama, na saa tisa usiku chumba kinakuwa na ubaridi wa nje, isipokuwa hakina upepo.

Katika moja ya nyumba hizo za bati, mama mwenye umri wa miaka 27 amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, tumbo la miezi minane mbele yake. Mkononi ana sindano ya kroshia namba 5. Pembeni kuna mpira wa uzi rangi ya damu ya mzee, ambao kuku wameshaukimbiza mara mbili leo. Anafuma sweta lililo wazi mbele, la vifungo, na ni la kwanza maishani mwake. Kabla ya hapo alishawahi kufuma kitambaa kimoja cha kochi, nacho kilipinda.

Ndani ya nyumba hiyo hiyo, sweta hilo limeleta mzozo wa wiki nzima.

Uzi ulinunuliwa mjini, siku aliyokwenda kupimwa. Fedha zilitoka kwenye jogoo wawili. Mama mkwe wake alipoona mipira ikishushwa kwenye mfuko, alifurahi, akadhani inatosha shali kubwa ya mtoto, kofia, soksi na kisweta. Alipoambiwa kwamba uzi wote ni wa sweta la mama, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza.

"Mwanangu, tangu lini mama anafumiwa sweta, mtoto anaachwa na vitambaa?"

"Mama, hataachwa. Atakaa humu ndani, pamoja na mimi."

Ili kulielewa jibu hilo, lazima kurudi nyuma miaka miwili, Julai, wakati mtoto wake wa pili alipozaliwa kabla ya siku zake akiwa na kilo 1.9. Alizaliwa usiku. Ilibidi apelekwe mjini, na safari ilianza kwa bodaboda hadi mahali gari lilipopatikana. Bibi alimfunga mtoto kwa khanga tatu na blanketi juu, akambeba yeye mwenyewe ili mama aliyetoka kujifungua apumzike. Kila mtu alifanya alichoamini ni sahihi. Walipofika hospitali, mtoto alikuwa kimya, hanyonyi, na nyayo zake zilikuwa za baridi kama sufuria iliyolala nje.

Nesi aliyewapokea hakuongeza blanketi. Alimvua mtoto khanga zote tatu, akamwachia nepi, akamvika kofia, kisha akamlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kuwafunika wote wawili. Baada ya muda mtoto akaanza kutafuta titi. Sasa ana miaka miwili na ndiye anayesaidiana na kuku kuukimbiza uzi.

Nguo haitengenezi joto. Inachofanya ni kulizuia lisitoroke. Mtu mzima akijifunika blanketi anapata joto kwa sababu mwili wake ndio jiko, blanketi ni mfuniko tu. Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa na uzito mdogo, ana jiko dogo mno: mafuta mwilini ni machache, hawezi kutetemeka kama mtu mzima ili apate joto, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, hivyo joto jingi hupotelea huko. Akifungwa peke yake kwenye khanga tatu akiwa tayari amepoa, khanga zinahifadhi ubaridi. Anahitaji jiko jingine, na lililo karibu kuliko yote ni kifua cha mama yake.

Hospitali huiita njia hiyo huduma ya kangaruu. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wakati daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunza. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kama njia ya maskini, ya mahali pasipo na vifaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia watoto 3,211 wenye uzito kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 katika hospitali za nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo kupitia Muhimbili. Waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa walifariki wachache: 12 kati ya kila 100 ndani ya siku 28, wakati kwa waliosubiri hadi hali itulie walikuwa karibu 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza watoto wote njiti na wenye uzito mdogo wawekwe kifuani tangu mwanzo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Saa nane ni nyingi. Mama aliyezaa juzi, katika chumba cha bati, usiku wa Julai, hawezi kukaa kifua wazi saa zote hizo. Naye ana mgongo unaopigwa na baridi, ana mabega, ana mikono. Akipoa yeye, mtoto naye anapoa. Khanga humfunga mtoto vizuri kifuani, lakini haifiki mabegani, na sweta la shule la kuvaa kwa kichwa halipanuki mbele. Ndiyo maana safari hii mama huyu anataka sweta la vifungo, pana kupita mwili wake, la kufunga juu yao wawili.

(Waingereza, kwa njia, waliliita sweta la aina hiyo kwa jina la Lord Cardigan, kamanda wa wapanda farasi aliyeongoza mashambulizi ya Balaclava, Crimea, mwaka 1854. Aliwapeleka watu wake mbele ya mizinga, wengi wakafa au kujeruhiwa, yeye akarudi salama, na nguo ikabaki na jina lake. Mama wa Mgori ana sababu nzuri zaidi ya kulivaa.)

Kwa nini kroshia na si duka? Mitumba ipo, na sweta zuri la mtumba ni halali kabisa kwa kazi hii. Lakini mnadani yale mapana hugombewa mapema msimu wa baridi ukikaribia, na mengi hubana kifuani, mahali hasa panapotakiwa nafasi. Jambo jingine linalowashangaza wageni: Singida ni nchi ya mifugo, kondoo wanapita barabarani kila jioni, lakini hakuna sufi. Kondoo wa huku wana manyoya mafupi ya kawaida kama ya mbuzi, hayasokoteki kuwa uzi. Kwa hiyo hata anayeishi katikati ya kondoo hununua uzi wa akriliki uliotoka kiwandani mbali.

Somo lake la kwanza lilitoka kwenye simu. Video ilikuwa ya Kiingereza, bando likaisha katikati, na alichokuwa amefuma kikatoka na matundu kama wavu wa dagaa. Kosa halikuwa lake. Katika kroshia, Wamarekani na Waingereza wanatumia jina moja kwa mafundo mawili tofauti: kwa Mmarekani ni fundo refu, kwa Mwingereza ni fundo fupi. Anayeanza akichanganya video mbili bila kujua, vipande vyake haviwezi kulingana. Aliyemwokoa ni jirani, mama wa makamo aliyejifunza kufuma shuleni kwenye sayansi kimu na ambaye vitambaa vyake vimefunika makochi ya nusu ya kijiji. Jirani hajui jina la fundo lolote kwa Kiingereza. Anaonyesha tu.

Alichomwonyesha ni fundo la katikati, si refu wala fupi, ambalo hutoa kitambaa kizito bila kumaliza uzi. Uzi huzungushwa mara moja kwenye sindano, sindano ikaingia kwenye tundu, ikavuta uzi; vitanzi vitatu vikabaki kwenye sindano, na uzi ukavutwa kupita vyote vitatu kwa mkupuo mmoja. Hilo tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa sweta.

Na sweta lenyewe ni vipande vitano vya pembe nne: mgongo, vifua viwili na mikono miwili. Hakuna kupunguza kwapani wala kuchonga shingo. Kabla ya yote jirani alimfumisha kipande kidogo cha majaribio, wakapima kwa futi ya fundi cherehani: mafundo 14 yaliingia kwenye sentimeta 10. Kifua cha mama ni sentimeta 100, wakaongeza 20 kwa ajili ya mgeni, jumla 120. Mgongo ukawa nusu yake, sentimeta 60, yaani mafundo 84. Kila kifua sentimeta 30, mafundo 42. Urefu wa sweta sentimeta 65, ambazo kwake zilitoka safu 65. Kila mkono ni mafundo 56 kwa safu 42, unakunjwa katikati na kushonwa kuwa bomba.

Anayefuma mkono wake ukiwa mzito atapata hesabu nyingine, ndiyo maana kile kipande cha majaribio hakirukwi. Jirani anasema wanaokiruka ndio hao sweta zao huishia kuvaliwa na waume zao.

Mgongo ulianza kwa mnyororo wa vitanzi 84, na viwili zaidi vya kugeuzia. Safu 20 za kwanza zilikwenda haraka, tena kwa raha, hadi alipokitandaza kipande mkekani na kuona kimeanza kuchongoka kama pua ya jembe. Walipohesabu, mafundo 84 yalikuwa yamebaki 71. Mara nyingi mwisho wa safu alikuwa akiliruka fundo la pembeni, ambalo hujificha. Wakafumua zote 20. Hakulia, lakini alikwenda kuchota maji bila kusema na mtu. Aliporudi, jirani alikuwa amefunga kipande cha uzi mwekundu kwenye fundo la kwanza na kingine kwenye la mwisho. Tangu hapo kila safu huanzia kwenye alama na kuishia kwenye alama, na huhesabiwa, hata usingizi ukiwa umeshika.

Kuunganisha ni rahisi kuliko inavyoonekana. Vifua hulazwa juu ya mgongo, na mabega hushonwa kutoka nje kwenda ndani sentimeta 21 kila upande. Katikati hubaki sentimeta 18 za shingo, na zile sentimeta 9 za kila kifua zisizoshonwa hujikunja zenyewe nje kama kola. Ubavuni hushonwa kutoka chini sentimeta 45, na sentimeta 20 za juu huachwa kwa ajili ya mkono. Mipira saba ya gramu 100 inatosha, na mmoja wa akiba, kwa sababu rangi hiyo hiyo mwezi ujao huenda isipatikane. Mtoto wa kwanza wa nyumba hii, aliye darasa la tano, alipiga hesabu ya mafundo yote kwenye daftari lake: 15,624. Baba yake aliposikia akasema angejua mapema angeuza jogoo wa tatu akanunua la mtumba.

Vifungo bado. Mama alitaka vikubwa vya mbao. Jirani alipendekeza kamba mbili za kufunga mbele, lakini kamba ndefu karibu na shingo ya mtoto si jambo zuri, na kifungo kilicholegea ni kitu cha kwanza mtoto atakachotia mdomoni akifika miezi sita. Wamekubaliana vifungo vitatu, vishonwe kwa uzi wa nailoni, vivutwe kwa nguvu kila baada ya kufua.

Lipo jambo jingine ambalo uzi wa akriliki hausamehi: moto. Unashika haraka, na ukiyeyuka hunata kwenye ngozi. Sweta pana la mikono mipana halipaswi kukaribia mafiga. Mama huyu atalivua kabla ya kupika, na siku za mwanzo atapikiwa.

Moto ndio uliofanya mama mkwe alegeze msimamo, ingawa kwa njia isiyotarajiwa. Mpango wake wa baridi ulikuwa jiko la mkaa chumbani, mlango umefungwa, kama wengi wanavyofanya msimu huu. Kuni za kuota usiku kucha si rahisi mahali ambapo msitu unalindwa, na mkaa ukishakolea unaonekana hauna moshi. Nesi wa kliniki aliwaambia wote wawili, mkwe na mama mkwe, kwamba mkaa usio na moshi ndio wa kuogopwa zaidi. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na waliolala humo hawaamki kuomba msaada. Bibi aliuliza sasa mtoto atapashwa joto na nini. Nesi akamwonyesha mkwewe kwa kidole, kifuani.

"Na mimi bibi yake nitafanya nini?"

"Bibi, mama akienda kuoga, wewe ndiye utakayembeba hivyo hivyo."

Halikuwa jibu alilolitegemea. Kifua cha bibi, cha baba, hata cha shangazi, kinafanya kazi ile ile mama anapopumzika. Mtoto husimamishwa wima kati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi, na khanga au kitenge humfunga kwa nguvu kiasi. Sweta halimbebi mtoto, linafunika tu. Kuoga kwa mtoto husubiri angalau saa 24 baada ya kuzaliwa. Na bibi amefundishwa kipimo kisichohitaji kipimajoto: nyayo zikiwa za baridi na tumbo la moto, mtoto ameanza kupoa, awekwe kifuani mara moja. Nyayo na tumbo vyote vikiwa baridi, ni safari ya kwenda kituo cha afya, na safari hiyo anaifanya akiwa kifuani.

Bibi aliuliza pia kuhusu nimonia, kwa kuwa kila mtu hapa huihusisha na upepo. Inaletwa na vimelea, na moshi wa jikoni huipa nafasi. Mtoto wa chini ya miezi miwili akivuta pumzi mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kikibonyea ndani anapovuta, au akigoma kunyonya, hakuna kusubiri asubuhi.

Jua linazama nyuma ya nyumba na bati linaanza kulia kwa kupoa. Mgongo umekamilika, vifua vyote viwili vipo, mkono mmoja umeshonwa bomba na umetundikwa msumarini. Mkono wa pili umefika safu ya 19. Bibi, ambaye hajui kushika kroshia na anasema hataki kujifunza, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mpira wa uzi mapajani, akiuachia kidogo kidogo na kuwafukuza kuku kwa mguu.

"Umehesabu?" anauliza.

"Hamsini na tano, mama."

"Rudia. Jana ulisema hamsini na sita."